Tanipu za Moshi wa Kwetu

Reykjavik,
Alhamisi asubuhi, mwezi wa Februari.

Mama yangu mpenzi,

Nakusalimu sana, wewe na baba, na wote mlio hapo Skalanes. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba goti la baba limepungua kuvimba, na amekubali walau kukaa ndani mpaka upepo utulie. Kondoo wenye mimba je, wanakula vizuri? Na mbwa wetu Snati? Mimi ni mzima wa mwili. Kichwa ndicho siwezi kukiapia, maana tangu jana mchana nimepigwa na butwaa ambalo halijaniachia.

Utajiuliza kwa nini naandika badala ya kupiga simu. Mama, baba unamjua. Simu ikilia yeye ndiye wa kwanza kuirukia, na akishaipokea huiweka sauti kubwa katikati ya meza ya jikoni ili hata paka asipitwe. Haya ninayotaka kukuambia si ya kusikiwa na paka. Tena fanya haraka kuisoma, kwa sababu kuna barua nyingine njiani inayokuja kwako kutoka mji huuhuu, na huenda zikafika pamoja. Ikiwa ile nyingine imetangulia na umeshaifungua, basi ujue kosa lililotajwa humo si lako hata kidogo. Ni langu mimi. Utashangaa pia nimeijuaje anwani niliyoandika juu ya bahasha hii, lakini nivumilie, nitakueleza.

Nianze na safari. Jirani yetu Bardur aliendesha gari lake kwa saa sita huku akiongea kwa saa saba. Alinieleza njia nzima jinsi wafugaji wa wilaya yetu walivyofanya vizuri kunituma mimi mkutanoni badala ya baba, kwamba ni ishara, kwamba majira ya kuchipua baba akinikabidhi shamba nitakuwa tayari nimeshajulikana na wakubwa. Nilikuwa naitikia tu. Tulipofika, wenzetu kutoka kila pembe ya nchi walikuwa wamejaa ukumbini na sweta zao, wakisalimiana kwa kupigana migongo, kila mmoja akitaka kujua mwenzake amepoteza kondoo wangapi kwenye dhoruba ya Oktoba.

Na wewe unajua mwezi huu ni wa Thorri, mama, mwezi wa karamu za vyakula vya kale. Chakula cha mchana kilikuwa kimepangwa kwenye meza ndefu kama marundo ya mawe: vichwa vya kondoo vilivyochemshwa, soseji za damu, mapumbu ya kondoo dume yaliyowekwa kwenye maziwa machachu, papa aliyevunda. Bardur akaniwekea nusu ya kichwa kwenye sahani, jicho likiwa juu, akaniambia mbele ya watu, “Kula, mwana wa Ketill! Jicho hilo limekuchagua wewe, usilivunjie heshima.” Nikasema tumbo linanisumbua. Meza nzima ikaangua kicheko. Bardur akasema hilo ni tumbo la mtu wa mjini, na kwamba saa sita tu za lami zimeshaniharibu, baba akisikia atalia machozi.

Sasa nikuambie jambo la kwanza, maana bila hilo mengine hayataeleweka. Mama, mimi sili nyama. Tangu machinjo ya Septemba sijameza hata kipande. Sikukaa chini nikaamua, wala hakuna kitabu kilichonidanganya. Safari hiyo baba alinipa mimi kazi ya kubabua vichwa kwa moto wa gesi, vichwa mia tatu na kitu, siku nne mfululizo, na siku ya tano uliponiwekea supu ya kondoo koo lilikataa. Nikadhani itapita. Haikupita, na ilipofika Krismasi maziwa na siagi navyo vikafuata. Zile nyama ulizokuwa ukinijazia sahanini zimekuwa zikiishia kwa Snati chini ya meza, ndiyo maana mbwa yule siku hizi anapumua kwa shida akipanda ngazi. Sikuthubutu kumwambia baba. Mtu wa kurithi Skalanes anayekataa kondoo wa Skalanes! Niliona angenitazama jinsi anavyomtazama kondoo aliyezaliwa na miguu mitatu.

Basi hapa mjini hakuna Snati. Siku mbili niliishi kwa viazi na mkate mkavu wa shayiri, na njaa ikanitoa mitaani. Nilikuwa natembea mbali na hoteli, nikiuliza kwa sauti ya chini, nikitazama nyuma kama mwizi nisije nikakutana na mfugaji mwenzangu. Mahali pamoja waliniambia wana supu ya karoti, nikashukuru, ikaja na krimu inaelea. Kwingine kijana alinihakikishia mchuzi hauna nyama, kisha nikakuta samaki. Nilipomwambia, akashangaa kwa moyo mweupe kabisa: “Lakini huyo ni samaki, kaka, wewe umesema nyama!” Mwisho binti wa mapokezi hotelini, alipoona naomba viazi vya kuchemsha kwa mara ya tano, aliinama juu ya kaunta akaninong'oneza kwamba dada yake naye yuko hivyohivyo. Akaniandikia jina la mtaa kwenye kikaratasi, akanikunjia na kunipa mkononi bila kunitazama. Jana mchana nikamdanganya Bardur kwamba naenda kutafuta spea ya trekta.

Mahali penyewe ni chini ya nyumba, unashuka ngazi, meza saba tu, na humo ndani hakuna kinachopikwa ambacho kimetoka kwa mnyama, si nyama, si samaki, si yai, si maziwa, hata asali hamna. Na mimi nimevaa sweta la sufu ulilonifumia wewe! Nilipoingia vijiko vilisimama. Mwenye mkahawa ni mama mmoja mpana wa mabega, mikono ya shati ameikunja mpaka juu ya kiwiko, anaitwa Alfrun. Akanitazama kuanzia shingo hadi kiuno, akaniuliza, “Huyo kondoo umemwacha uchi kwenye baridi hii?” Nikamjibu kwamba sufu nyingine inamwota, dada, na mwaka kesho atadai kunyolewa tena. Akacheka, na watu wakacheka, akaniambia niketi, mtu wa shamba mwenye njaa hafukuzwi hapa.

Akaniletea sahani iliyo bora kuliko zote alizo nazo, ndivyo alivyosema. Zilikuwa tanipu za njano, mizizi ileile ya bustani yetu, zimekatwa nyembamba, zimekaushwa kwa moshi mpaka zimekuwa na rangi ya ngozi, na mkate bapa pembeni. Mama, niliweka kipande cha kwanza mdomoni, machozi yakanitoka. Ilikuwa Krismasi. Ilikuwa nyama yetu ya moshi kabisa, bila nyama. Miezi mitano sijaonja ladha hiyo, nilikuwa nimeshaizika moyoni. Nikala vipande vinne bila kupumua, na kwa furaha ile, kwa ujinga wangu, nikamwita Alfrun kwa sauti ya kuitia mbwa bondeni. Nikamwambia, “Dada, aliyekukaushia hizi kazi anaijua! Hii ni samadi ya kondoo hii, tena ya miaka miwili, imekatwa vizuri na kukaushwa vizuri. Huwezi kunidanganya mimi!”

Nilikuwa nasifu, mama. Naapa nilikuwa nasifu.

Msichana mmoja mwenye nywele za kijani aliyekuwa anatafuna sahani ileile akaacha kutafuna. Mwanamume wa meza ya pili akauliza polepole, “Samadi? Unamaanisha mavi?” Nikajaribu kueleza kwamba kwetu kaskazini miti haipo ya kutosha, tangu mababu tunachoma samadi iliyokatwa kama matofali, ni safi, haina harufu mbaya, na moshi wake haufanani na mwingine wowote. Kila nilivyozidi kueleza ndivyo nilivyozidi kuharibu. Msichana akatema kwenye leso. Mmoja akasema miaka miwili anakula hapa kila Jumatano kumbe analishwa choo cha kondoo. Mwingine akaanza kubishana kwamba kondoo huitoa kwa hiari yake, hakuna aliyemlazimisha, mwenzake akamuuliza kama aliwahi kumhoji kondoo mwenyewe. Watu sita waliinuka wakavaa makoti. Mzee mmoja tu wa pembeni aliendelea kula, akasema bibi yake alikausha hivyohivyo, na yeye ana miaka themanini na mbili na bado hajafa, na kama wengine hawazitaki zao wamsogezee.

Alfrun hakupiga kelele. Hilo ndilo liliniumiza. Alikwenda kwenye ubao wa vyakula, akafuta jina la ile sahani kwa mkono wa shati lake, akarudi akakaa mbele yangu. Akaniambia kwamba yeye alidhani ni moshi wa kuni za mti wa mbirki, hakuwahi kuuliza, na aliyemletea hakuwahi kusema. Akasema mtu yule hakumdanganya, ana hakika, kwa sababu kila kasha la tanipu huja na karatasi. Na la kwanza kabisa lilikuja na karatasi ambayo Alfrun aliipenda hata akaitundika jikoni. Akaenda kuileta anionyeshe.

Mama, ilikuwa ukurasa wa kalenda ya ushirika wa wilaya yetu, umekatwa katikati kwa mkasi. Mwandiko ulikuwa umekandamizwa hadi kila nukta imetoboa karatasi. Nimeujua mwandiko ule kabla sijasoma neno. Ndio ulioandika jina langu ndani ya viatu vyangu vya shule. Nakuandikia yaliyokuwamo, ingawa wewe unayajua kuliko mimi: “Humu hamna mnyama. Nimezisugua mwenyewe na kuzitundika siku nne. Mimi pia sili nyama, mwaka wa tisa huu, na nyumbani hawajui. Mkila, mtakuwa mmekula pamoja nami. Mwanamke wa kaskazini.”

Alfrun aliniambia iliandikwa miaka miwili iliyopita. Kwa hiyo ni miaka kumi na moja, mama! Kumi na moja! Nilikuwa na miaka ishirini ulipoanza, nimelala chini ya paa lako, nimekula mezani kwako asubuhi na jioni, na sikuona kitu. Nilipokuwa nampa Snati nyama kwa siri nikijiona mtu mwenye siri kubwa kuliko wote bondeni, wewe ulikuwa mita mbili kutoka kwangu umesimama kwenye jiko umetupa mgongo. Umekuwa ukila umesimama, baada yetu, na sisi tukadhani ni desturi tu ya kina mama wa mashambani. Nilihisi kama mtu aliyefungua mlango wa chumba katika nyumba aliyozaliwa, chumba ambacho hakuwahi kujua kipo.

Na kosa la samadi nililielewa papo hapo, maana hata mimi ningelifanya. Sisi watu wa Skalanes hatujawahi kufikiri kwamba samadi ni kitu cha mnyama. Samadi ni kuni. Uliiandika ile “hamna mnyama” kwa moyo safi kabisa, huku kibanda cha moshi kimejaa samadi.

Sasa ninakuja kwenye jambo ambalo ndilo limenishikisha kalamu, na ambalo ningependa kuliruka. Alfrun aliniuliza kama namjua. Alisema, wewe ni wa huko, mwandiko unautazama hivyo, labda ni mtu wa jirani? Watu waliobaki walikuwa wananitazama, na yule wa mavi amesimama mlangoni na kofia mkononi, anataka kusikia ni nani aliyewalisha. Nikaona baba akipata habari. Nikaona Bardur akiisimulia kwenye kila shamba kuanzia hapa hadi kwetu. Nikasema simjui. Akaniuliza tena, una hakika, mpenzi? Nikasema sijawahi kuuona mwandiko huo maishani mwangu. Nilikukana, mama, mbele ya watu, huku kinywa changu bado kina ladha ya tanipu zako. Alfrun akashusha pumzi, akasema basi hana budi kumwandikia kwa anwani aliyo nayo, sanduku la posta lisilo na jina, kwamba asilete tena. Akaandika palepale, akaniomba mimi, kwa kuwa natoka, niitumbukize posta. Na mimi nikaitumbukiza.

Sikurudi mkutanoni. Bardur aliponikuta chumbani jioni aliuliza spea iko wapi, nikasema imekwisha, akasema hata uso wangu unaonekana umekwisha.

Leo alfajiri nilirudi kule chini. Alfrun alikuwa peke yake, anamenya karoti, hata taa za mbele hajawasha. Nikamwambia bila kukaa kwamba nilisema uwongo, kwamba yule mwanamke wa kaskazini ni mama yangu mzazi, anaitwa Hallbera binti Eyvindur, na kwamba aniadhibu mimi asimwadhibu yeye. Nikamwonyesha picha yako kwenye simu, ile ya siku ya kuwateremsha kondoo mlimani, umeshika fimbo na kofia imekuziba jicho moja. Akaiweka karoti chini. Akasema, “Ni yeye. Huyu nimewahi kumlisha.”

Kumbe ulikuja, mama. Ile Mei uliyotuambia umekwenda kupima macho, na baba akanung'unika siku nzima kwamba hajui kahawa inawekwa wapi. Alfrun anakukumbuka vizuri. Anasema ulikaa meza ya ukutani saa mbili, ukala sahani tatu polepole, bila kusoma gazeti, bila kuzungumza na mtu. Alipokuja kuondoa vyombo ukasimama ukataka kuviosha mwenyewe, ikabidi akushike mabega akukalishe. Ndipo ukalia. Alipokuuliza una nini, ukamwambia kwamba tangu uolewe hakuna mtu aliyekuwekea sahani mbele ukiwa umekaa. Kisha ukajipangusa, ukamwambia chakula chake ni kizuri lakini moshi hajui, na utamletea.

Nilisimama pale jikoni kwa mtu nisiyemjua nikalia kwa sauti, mimi mwanamume wa miaka thelathini na mmoja. Nasema wazi nililia, nawe usinionee huruma kwa hilo, nilistahili.

Alfrun anasema barua aliyoandika jana ni kali na anaifuta kwa maneno haya: tanipu za samadi hawezi kuzipokea tena, watu wake hawatakubali, ingawa yule mzee jana jioni alirudi kuulizia. Lakini ukizikausha kwa mbirki, jina la sahani litarudi ubaoni, na safari hii anataka kuliandika na jina lako. Nikamwambia hilo la jina ni wewe wa kuamua, si mimi wala si yeye. Amenipa anwani ya sanduku lako la posta, na ndiyo hii.

Narudi Jumamosi na Bardur. Yangu nitamwambia baba mwenyewe, siku hiyohiyo, hata kama shamba litakwenda kwa binamu. Yako sitayagusa. Miaka kumi na moja umeyatunza, ni mali yako, utayasema ukitaka na usipotaka basi. Ninakuomba kitu kimoja tu, na usinikatalie. Jumapili usiingie jikoni. Nitapika mimi, nimeshamuuliza Alfrun namna. Wewe utakaa mezani, kwenye kiti, mgongo umeegemea, na baba akiuliza kuna nini leo, mwache aulize. Mimi ndiye nitakayekuwa nimesimama.

Msalimie baba, mwambie mkutano ulikwenda vizuri na kila mtu aliuliza habari za goti lake. Msalimie shangazi akipita. Snati mpunguzie chakula polepole, asishtuke. Na wewe, mama, pokea salamu ambazo sijui nizipe jina gani, pamoja na radhi ninazokuomba nikiwa nimepiga magoti.

Ni mimi mwanao,
Tumi Ketilsson